Konokono wa Mama Pacha

Tangu mabinti zao pacha waolewe, Mama Pacha, fundi cherehani, alibaki na hamu moja tu: kulala mahali ambapo akifungua dirisha asubuhi haoni ukuta wa jirani. Kwa hiyo siku mumewe kinyozi aliporudi na kijumba kikuukuu cha kubebwa mgongoni mwa pikapu, chenye mlango kwa nyuma, vidirisha viwili na tundu la hewa darini, alipiga kigelegele mpaka kuku wa jirani wakatimka. Papo hapo akakipa jina: Konokono.

Kukibeba ndiko kulikokuwa na kazi. Baba Pacha alikuwa mtu wa mkasi. Ukimpa spana anaishika kama kitana. Alikifunga kijumba kwa kamba, akavuta, akakipiga kofi la kujitoa wasiwasi, akasema, "Hapa hata kije kimbunga, kitatuacha kama kilivyotukuta."

Walipoanza kupanda kilima cha kwanza tu, Konokono akaanza kurudi nyuma polepole, kama mgeni anayeaga kwa aibu. Watu wa kituo cha mafuta wakapaza sauti: "Mzee, nyumba yako inateremka!"

Mama Pacha alicheka hadi akakaa ukingoni mwa barabara. Alipokwisha kufuta machozi akampigia simu wifi yake.

Wifi huyo, mdogo wake Baba Pacha, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamke wa mikono kama koleo na mdomo usio na breki. Alifika na mashine yake, akaitazama kamba, kisha akamtazama kaka yake.

"Kaka, hii ni nyumba au mzigo wa kuni?"

"Kamba ilikuwa mpya," Baba Pacha akajitetea.

"Bwana harusi naye huwa mpya, mbona anafungwa ndoa?"

Kazi ikaanza. Kwanza walitandika mpira mzito kwenye sakafu ya pikapu ili mbao zisiteleze juu ya chuma. Kisha wifi akaingia uvunguni na kuchomelea kulabu nne, mbili mbele na mbili nyuma. Baba Pacha alipouliza kwa nini asizichomelee juu kwenye bodi, pasipo na tabu, alijibiwa kutoka chini ya gari: "Bodi ni shati, chesisi ni mfupa. Ukimkamata mwizi kwa shati, utabaki na shati." Kila kulabu ikapata mnyororo, na kila mnyororo ukapata kile chuma cha katikati ambacho ukikizungusha, ncha zote mbili zinajivuta na kukaza. Mwishoni kitasa cha mlango, ambacho mtu angeweza kukifungua kwa msumari, kikang'olewa, na badala yake wifi akafunga komeo kwa nje, nene kama kidole gumba.

Ndani ilikuwa himaya ya Mama Pacha. Alizivika kuta sponji na kitambaa kizito cha maua, baridi isipenye. Alishona mifuko ya turubai ukutani, kila kikombe na mfuko wake. Chini ya kitanda kukawa na droo zenye vishikizo vya kuzizuia zisifunguke gari likiyumba. Baba Pacha naye hakuachwa nyuma: alining'iniza kioo, kama ilivyotarajiwa, akaunganisha nyaya za taa na feni, na ukibonyeza swichi ya taa feni ikawaka. Waliafikiana kuiacha hivyo hivyo, maana ukibonyeza ya feni, taa iliwaka vizuri kabisa.

Siku ya kukijaribu ikawadia. Baba Pacha aliaga anaenda dukani kununua silikoni ya kuzibia nyufa za tundu la darini. Wanawake wawili wakanywa chai, wakamsubiri, wakachoka kumsubiri.

"Wifi, twende tukazunguke kidogo," Mama Pacha alisema, vidole vikimwasha. "Atatukuta tumesharudi."

Wifi akausukuma mlango, akalipiga komeo. "Hili hata mimi mwenyewe lingenishinda."

Pikapu ikawaka kwa kusukumwa, maana stata ilikuwa na mawazo yake, wakakubaliana wasiizime njiani. Kona ya kwanza, Konokono akatulia. Matuta, akatulia. Mbuzi wakakatiza barabara, Mama Pacha akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, Konokono hakusogea. Mama Pacha akaanza kuimba. Wifi akampokea kwa kupiga dashibodi kama ngoma.

Ndipo waliposikia: du! du! du!

"Mnyororo umelegea," wifi akasema.

Wakasimama. Injini ikinguruma kama simba mwenye mafua, wifi akazunguka na spana, akakaza, akagonga kila kulabu kwa nyundo. Wakaondoka. Du! du! du! Wakasimama tena, akakaza tena.

"Wifi, hiyo nati inagonga kwa hasira," Mama Pacha akasema.

"Nikiikaza zaidi ya hapo itazaa."

Mbele kidogo askari wa barabarani akawapungia mkono, akawaamuru wazime injini na kushuka. Alikuwa kijana nadhifu, sura kavu kama risiti.

"Mmebeba nini?"

"Nyumba," Mama Pacha akajibu kwa fahari.

"Nyumba ya nani?"

"Yangu na mume wangu."

"Na mume yuko wapi?"

"Ameenda dukani kununua silikoni."

Hapo hapo kifuniko cha tundu la darini kikafunguka, kikachomoza kichwa cha Baba Pacha, nywele zimejaa manyoya ya mto, macho mekundu.

"Mama Pacha!" akalia. "Hivi mimi nimekukosea nini?"

Kumbe kabla ya kwenda dukani alikuwa ameingia kupima lile tundu, akajilaza kidogo kwenye godoro jipya, usingizi ukamchukua. Alipozinduka nyumba ilikuwa inakimbia, na sponji ya mkewe ilikuwa imemeza kila ukelele wake, mpaka alipolikumbuka tundu la darini.

Askari hakucheka. "Huyu amefungiwa kwa nje. Mzee, hawa watu unawafahamu?"

Baba Pacha akawanyooshea kidole kutoka juu. "Huyo wa kulia ni mke wangu. Huyo wa kushoto nilikuwa namwita dada."

Wifi alishindwa kujizuia, akaangukia boneti kwa kicheko. Mama Pacha alitaka kuomba radhi, lakini kila alipofungua kinywa kilitoka kicheko, mbavu hana. Sharubu za askari zikatetemeka, kisha naye akageukia barabara, mabega yakimruka.

Walipomfungulia, Baba Pacha alishuka kwa heshima zote, manyoya yakidondoka.

"Nimepigwa na mto, nimepigwa na taulo, nimeviringika kama pipa," alisema. Kisha uso ukamwangaza, hasira ikamponyoka. "Lakini vikombe vyote viko mifukoni! Droo hazikufunguka! Na nyumba haikusogea hata unywele mmoja. Ambaye hakufungwa kamba humo ndani ni mimi peke yangu!"

Askari alikataa kuwaachia mpaka mlango uweze kufunguliwa kutoka ndani, na hapo hakuwa na mzaha. Wifi akatoa drili ya betri, akatoboa mlango, akapitisha kipini kinacholisukuma komeo kutoka ndani. Baba Pacha akaingia, akafungiwa, akatoka. Akaingia tena, akatoka tena, mikono juu kama mshindi. Askari naye akaomba ajaribu. Alikaa humo kwa muda, wakasikia feni ikiwaka.

"Swichi yenu ya taa ina kasoro," alisema alipotoka.

"Tunaijua," wakajibu wote watatu.

Aliwasaidia kusukuma gari mpaka likawaka. Baba Pacha alikataa katakata kurudi nyuma, akabanwa kati ya mkewe na dada yake, magoti yakigusana na gia. Walipofika kwenye njia panda ya kurudi nyumbani, Mama Pacha akatazama kioo cha pembeni, akamwona Konokono ametulia mgongoni, akakata kona ya upande wa pili.

"Tunaenda wapi?" mumewe akauliza.

"Sijui," alisema, akicheka upya. "Nyumba si tunayo?"