Maoni ya Msomaji wa Kwanza

Nyuma ya kila kitabu katika maktaba yetu kumebandikwa karatasi, na desturi ni kwamba asiyeandika maoni yake hapo kabla ya kurudisha kitabu hapewi kingine. Kwa hiyo kila mtu huandika, hata asiye na la kusema. Mimi ndiye niliyetunga vile vitabu vinane vya manowari za kale, za matanga na mizinga, na kila Jumatatu asubuhi nilikuwa nikiingia humo nikijifanya nimefuata magazeti, kumbe nimefuata sifa zangu.

Sifa zilikuwepo, sikatai. Fundi saa mmoja aliandika kwamba tufani ya kitabu cha pili ilimtia kichefuchefu akiwa kitandani kwake. Mwalimu wa hesabu aliikuta meli yenye mizinga arobaini imefyatua arobaini na miwili kwa mkupuo mmoja. Huyo nilimsamehe, maana anayehesabu mizinga angalau anasoma. Sikumsamehe yule aliyejiita Msomaji wa Kwanza. Wenzake walizungumzia vita, yeye alikuwa na lake moja tu, kitabu baada ya kitabu: mke wa nahodha.

"Katika cha kwanza anaaga, katika cha pili anangoja," aliandika. "Mwandishi anajua majina kumi na manne ya kamba, lakini mwanamke huyu amempa sentensi nne."

Nilikereka. Mtu anayetafuta mambo ya ndoa katika vitabu vya vita, nilijisemea, ni sawa na anayeingia kwa kinyozi kununua viatu. Hata hivyo sikuacha kumtafuta. Kila Jumatatu nilianza na maoni yake, na kila Jumatatu nilitoka na uchungu ulionitosha wiki nzima.

Siku moja nikashusha cha sita, kile ninachojivunia kuliko vyote. Alikuwa ameandika hivi: "Mke wa nahodha alikufa kwa homa katika kitabu cha tatu, ukurasa wa 177. Hapa anamshonea mumewe vifungo. Mwandishi amesahau kwamba alimuua."

Nikashusha cha tatu. Kweli, mistari miwili tu: homa imemchukua, na aya inayofuata tayari tunapakia baruti. Miaka yote hiyo hakuna mhariri wala msomaji mwingine aliyegundua. Nikarudia maoni yale, na safari hii nikaziona zile tarakimu mbili za saba katika 177, zimekatwa kiunoni.

Mimi hutunga kwa sauti nikitembea chumbani, mke wangu akipiga chapa. Kitufe cha saba kilivunjika tukiwa katika kitabu cha pili, nikasema tutakitengeneza. Tangu hapo kila saba iliyomo katika miswada yangu ameijaza yeye kwa kalamu, na kuikata kiunoni kwa mstari mfupi. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nikikitafuta mitaani. Nilizitazama saba zile mpaka mkutubi akaja kuniuliza, "Mzee, unaumwa?"

Njiani niliipika hasira yangu ikaiva. Kunianika mbele za watu! Nilimkuta mke wangu ameshaweka karatasi kwenye mashine, sura ya pili ya kitabu cha tisa, kalamu yake kando.

"Ulipiga chapa kwamba amekufa," nikamwambia, "kisha ukapiga chapa kwamba anashona vifungo. Hukuniambia."

Hakushtuka. Nadhani alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa muda mrefu.

"Hukuwahi kuniuliza, mume wangu," akasema. "Kule maktaba wanauliza."

Nikamwambia basi, toleo jipya likitoka tutarekebisha, homa tutaiondoa.

"Na mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Katika kitabu cha kwanza, nahodha anapoaga, mkewe ana mimba ya miezi sita. Leo tuko cha tisa. Hajazaliwa, hajafa. Hatajwi."

Nilikaa chini. Kitabu cha kwanza tulikiandika mwaka ule alipoharibikiwa na mimba, yetu, ikiwa ya miezi sita. Alirudi kutoka hospitali siku ya Alhamisi, na Jumatatu nikamwita kwenye mashine kwa sababu nahodha wangu alikuwa amezingirwa na adui kwenye mlangobahari. Mlangobahari ule naukumbuka mpaka leo, upepo ulikotoka, kina cha maji. Lakini sikumbuki kama nilimuuliza mtoto alikuwa wa kike au wa kiume.

Nilitaka kuuliza wakati huo. Nikaona aibu. Yeye alinitazama, akanipa nafasi, akanipa na nyingine. Kisha akasogeza kiti, akaweka vidole juu ya herufi.

"Haya," akasema. "Nahodha amefika wapi?"