Mlango wa Mbele wa Bwana Shauri

Mama mkwe wangu alisimama hatua tatu kutoka mlangoni, akatazama ndani mara moja tu, akajifunika uso kwa kanga na kugeuka. Nyuma yake walikuwa wazazi na watoto wao, watu zaidi ya mia, wengine wametoka Bunda alfajiri. Mimi nilikuwa barazani na kofia ya kizungu kichwani, kaptula imenibana, mkono bado uko hewani. Nilikuwa nimetoka kusema, kwa sauti nzito ya kuigiza: "Karibuni nyumbani kwangu!"

Ni miaka saba sasa, na bado masikio yananiwaka nikikumbuka.

Nyumba yenyewe Waingereza waliijenga hapa Musoma, juu ya mawe ya ziwani, akakaa mkuu wao wa wilaya, ambaye watu wetu walimwita Bwana Shauri. Baada ya uhuru walikaa maofisa, kisha popo. Nilipoajiriwa kuitunza niliwatoa popo, nikaanza kujiuliza kwa nini watoto wasome historia kwenye daftari tu wakati nyumba ipo. Waje na wazazi wao, wasage mtama, wachote maji ziwani, wapige pasi ya mkaa, waone ni mikono ya nani iliyoiendesha nyumba hii. Lakini kulikuwa na tajiri aliyetaka kuigeuza loji, na Eliud, afisa utamaduni, hakunificha kitu.

"Lukas, nakupa Jumamosi moja," aliniambia. "Ukiniletea vichekesho, nyumba inakwenda. Niletee mtu aliyeishi humu."

Mtu huyo alibaki mmoja tu, na bahati yangu ikataka awe mama wa mke wangu. Boke wa Butiama aliingia pale akiwa na miaka kumi na minne, akawa yaya, akapiga pasi nguo za watoto wa Bwana kwa miaka mitatu.

Sasa, kwetu mkwe si mtu wa mchezo. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa yangu hadi siku ile, mimi na Boke hatukuwahi kupeana mkono wala kutazamana usoni. Maneno yake yalinifikia kupitia binti yangu Grace. Nyumbani kwangu Nyasho aliishia uani, maana mama kuona kitanda cha mkwe wake ni aibu isiyotoka kwa sabuni. Kwa Bwana Shauri alikubali kuja baada ya kuulizauliza sana, akaridhika kwamba ile ni nyumba ya serikali.

Na mimi nikafanya nini? Kitanda cha Bwana kilikuwa chaga tupu. Nikabeba godoro letu kutoka Nyasho, nikalitandika, na juu yake nikaweka kile kitambaa cheupe ambacho Scholastika, mke wangu, alikifuma kwa ajili ya harusi yetu, kwa uzi alionunuliwa na mama yake. Nikaacha milango wazi ili kitanda kionekane tangu barazani. Kisha nikasimama mlangoni na kutangaza kuwa nyumba ni yangu.

"Baba Grace, una akili wewe?" Scholastika alininong'oneza. "Kitanda chetu! Mama amekiona!"

Boke alikwenda kukaa juu ya jiwe, chini kabisa ya bustani. Nilimfuata, nikasimama mbali, macho kwenye nyasi. Grace akaenda na kurudi.

"Bibi anasema, mwambie baba yako mimi siingiagi kwa mkwe. Hata aniite na ng'ombe."

Eliud alitazama saa. "Piga pasi mwenyewe," alisema. "Hawa watu watajuaje?"

Kweli wasingejua, na pasi naijua. Lakini nilikitazama kivuli cha ile kofia kwenye nyasi, nikaona haya kuliko siku yoyote maishani mwangu. Ningeingia ndani nikafundisha kazi ya Boke, huku Boke mwenyewe amekaa nje juu ya jiwe. Hapo nisingekuwa naigiza tena. Ningekuwa Bwana Shauri kweli kweli.

Nikaivua. Nikaingia ndani, nikakunja godoro na kitambaa chake, nikajitwika, nikapita katikati ya umati mzima hadi kwenye gari la Eliud. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi nilicheka, ningefanyaje? Kisha nikafunga aproni, nikapaza sauti.

"Jamani, nimekosea. Nyumba hii si yangu. Mimi ni mpishi, na mpishi anakaa jikoni, kule nyuma. Mwenye nyumba leo ni yule mama."

Boke aliinuka taratibu. Miguu yake ikashika njia ya pembeni, ile iendayo mlango wa nyuma. Katikati akasimama.

"Grace," alisema kwa nguvu, ili wote tusikie. "Sisi tulikuwaga tunapitia huku. Miaka mitatu, ule mlango wa mbele nilikuwaga naufuta vumbi tu."

Akageuka, akamshika mjukuu wake mkono, akapanda ngazi za mbele. Watu wakampisha.

Mimi sikumwona akiingia, nilikuwa jikoni kwangu. Nilisikia sauti yake ikiwaelekeza watoto: pasi kwanza ipitishwe juu ya jani la mgomba iteleze, maji yanyunyizwe kwa vidole, si kwa kikombe. Halafu dirisha likafunguliwa kwa kishindo.

"Mpishi! Makaa yako wapi?"

Miaka kumi na mmoja, na hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia mwenyewe.

"Naleta, mama!"

Niliyapeleka kwenye karai mpaka kizingitini, nikayaweka chini, nikarudi nyuma bila kuinua macho. Akaja akayachukua.

Nyumba haikugeuzwa loji. Boke alifundisha Jumamosi zake mpaka magoti yalipokataa, na mwaka jana tulimzika Butiama. Kofia iko msumarini, hakuna anayeivaa. Kwenye meza ya pasi siku hizi anasimama Grace, naye ni binti yangu wa kumzaa. Hakuna mwiko wa kunizuia kuingia.

Makaa bado nayaweka kizingitini.