Chuma cha Mwisho

Mwenye mtoto anayependa milima asikilize haya, na asiye naye asikilize vilevile, maana watoto hawasemi mapema watakuja kupenda nini.

Palikuwa na mama mmoja, fundi wa kushona na kutia viraka makoti na mikanda ya wapanda mlima. Cherehani yake ilikaa dirishani, na dirisha lilitazama mlima wenyewe. Watu hawakuupa jina. Walisema "mlima" tu, kama mtoto asemavyo "mama" na kila mtu akajua ni yupi. Chini ulivaa msitu mweusi wa misonobari, juu ya msitu nyasi fupi, juu ya nyasi kokoto, na baada ya kokoto hapakuota kitu tena, ni mwamba na barafu mpaka kwenye ncha. Mito iliyozaliwa kwenye barafu ile ilikwenda kunywesha watu wasiojuana. Asubuhi jua liligusa ncha kwanza, kisha likashuka taratibu, kama mtu anayemfunua shuka mtoto aliyelala. Fundi aliuogopa mlima ule, lakini hakuwahi kuchoka kuutazama. Kizuri ni kizuri hata kikikutia tumbo joto.

Baba mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Babu Vyuma, alikuwamo kwenye habari za mlima. Hapo zamani wenyeji waliamini kwamba ngurumo inalala kule juu, basi hakuna aliyekwenda kuiamsha. Wakaja wapimaji, wakaupima wakiwa mbali. Wakaja wapandaji, upepo ukawarudisha. Wakaja tena, ukawarudisha tena. Mwishowe wengine wakafika kileleni kwa kufuata ukingo wa mashariki. Babu, kijana wakati huo, aliona wote wanapanda na kushuka palepale kama kuku kwenye ngazi ya banda. Akabeba nyundo na vipande vya nondo mpaka kileleni, akateremka kwa kamba upande wa kivulini, ule unaoonekana dirishani, akapigilia vyuma mwambani, kimoja chini ya kingine, mpaka akafika kwenye uwanja wa barafu. Kutoka kileleni alirudi na jiwe lenye alama ya kombe la baharini.

"Bahari ilipanda kabla yangu," alizoea kusema. "Mimi nilichelewa tu."

Kila mtoto wa nyumba ile aliijua Njia ya Vyuma kabla ya kujua kusoma. Shika hapa, geuza bega pale, na ukifika chuma cha mwisho teremsha mguu mmoja, umekanyaga barafu. Waliikariri kama sala.

Binti wa fundi, aliyeitwa Kwato kwa jinsi alivyopanda mawe tangu utotoni, akaja kuwa mwongozaji wa wageni. Siku moja wakiwa mezani akasema, "Keshokutwa nina wageni wawili, mtu na mkewe. Tunapanda kwa ukingo, tunashuka kwa vyuma vya babu."

Babu akaacha kutafuna. "Vyuma vyangu? Nani amevipita miaka hii?"

"Hakuna. Wote wavivu. Nataka uone mtu akivipita ungali hai."

"Basi vaa nyekundu, mchumba wangu. Macho yangu siku hizi ni ya kuazima."

Fundi alirudisha tonge sahanini. Msimu ule, kila alipopumzisha mkono, alikuwa akiutazama ukuta ule kwa darubini, na chini ya chuma cha mwisho aliona mwamba mpya, mweupe kama ngozi iliyotolewa bandeji. Barafu ilikuwa inayeyuka na kushuka.

"Kwato, chuma cha mwisho hakigusi kitu siku hizi."

"Mama, juzi ulinikataza kupanda kiti nibadilishe taa. Jana ukanikataza paka wa jirani. Leo asubuhi chai ya moto."

"Chai ilikuwa ya moto kweli."

"Na mimi nikapuliza."

Babu akacheka mpaka akakohoa. "Mkwe wangu, barafu ile ilikuwapo kabla ya babu yangu. Itakwenda wapi? Kuolewa?"

Fundi akakusanya sahani. Kosa letu wenye hofu ni hili: tunapiga ngoma ya hatari kila siku, siku ya hatari yenyewe watu wanaicheza.

Kesho yake hakukataza kitu. Alimpa binti darubini, akamwambia atazame. Kwato akatazama kwa muda.

"Kinaweza kuwa kivuli."

"Kinaweza. Mimi sikuzuii, mwanangu. Naomba moja tu. Ukifika pale, wageni wabaki juu. Ushuke kwanza peke yako, umefungwa kamba, na utazame kwa macho yako, si kwa mdomo wa babu yako."

Kwato alikaza mkanda wa begi, akatoka.

Siku yenyewe mbingu ilikuwa safi. Babu alishika darubini, fundi akashika kiti cha babu. Vitone vitatu vikasimama kileleni, vidogo kuliko punje za mchele, na mlima mzima chini yao ukimeremeta. Vikasogea mpaka kwenye kichwa cha vyuma. Hapo fundi akaona, hata kwa macho matupu, kitone kimoja chekundu kikiteremka na viwili vikibaki.

Babu akaanza kuikariri njia kwa sauti ya chini. Shika hapa, geuza bega pale. Chekundu kilikwenda sawasawa na maneno yake mpaka chuma cha mwisho. "Sasa mguu mmoja, mchumba. Mmoja tu."

Kisha akaibana darubini machoni.

"Mkwe," akasema, "chini yake hakuna kitu. Ukuta mtupu, kama ghorofa."

Fundi akakiacha kiti, akasogea mpaka kwenye kioo.

"Panda," babu aliliambia dirisha. "Panda, mama. Achana na vyuma vyangu."

Chekundu kilining'inia. Kikakaa. Kisha kikaanza kupanda, polepole, mpaka vikawa vitatu tena, vikarudi kwa njia ya ukingo.

Jioni Kwato aliingia na midomo iliyokauka na wekundu wa jua usoni. Fundi alimpa maji, hakusema "nilikuambia."

"Mama, ile barafu ndani yake ni samawati," alisema. "Sijawahi kuona rangi kama ile. Nilitaka kuteremsha mguu ili tu niikaribie."

Fundi alimshika kifundo cha mkono, hakukiachia.

Babu alikuwa bado amekaa dirishani. "Chukua wenzako," alisema bila kugeuka, "mkaking'oe chuma cha juu. Na vinavyofuata, mpaka mtakapochoka."

"Babu, ile ni njia yako."

"Nusu ya mtaa huu wameikariri. Mtu asipokiona cha kwanza hatakitafuta cha mwisho." Akaitazama ncha, iliyokuwa bado na jua wakati nyumba zote chini zimeshaingia kivulini. "Hata hivyo mlima ni mzuri," akasema. "Mzuri mno."