Chinsaga Kwenye Maua ya Barabarani

Viza yangu ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili, na maziwa ya Kerubo yalikuwa bado hayajashuka vizuri. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyonizungusha kutoka jikoni hadi roshani na kutoka roshani hadi jikoni, katika nyumba yao ya ghorofa ya tatu pale Al Thumama, huku nchi ya Waarabu, ndege zikipita chini chini kana kwamba zinataka kuchungulia sufuria.

Kerubo ni binti yangu wa tatu, nesi. Alijifungua Februari 2016, mtoto wa kike, tukamwita Rael. Kwetu Kisii mzazi hupewa chinsaga, ile mboga chungu ambayo wengine huiita sageti na Waswahili mgagani. Unaichemsha, unaimwagia maziwa, unailaza mpaka asubuhi uchungu upungue. Mimi nimelishwa hivyo mara saba. Lakini ile niliyokuja nayo kutoka nyumbani iliozea kwenye sanduku, na Kerubo alikuwa akila vijiko viwili vya wali anasukuma sahani. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia. Kabatini kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, limefika nusu, na kila nilipolifungua nilijiona kama mtu aliyeitwa kazini akalala.

Na Joram, mkwe wangu, tulikwepana kwa heshima inavyotakiwa. Mama mkwe hakai sebule moja na mkwewe, sembuse kulala nyumba moja, lakini vyumba vilikuwa viwili na pengine pa kwenda sikuwa napo. Basi yeye akiwepo mimi nilikaa roshani, na akiwa na neno kwangu alimpa mtoto.

"Rael, mwambie bibi yako leo ni Ijumaa, tunaenda kando ya bahari."

"Rael, mwambie baba yako nimesikia."

Kerubo alicheka kitandani. "Mtoto wa wiki tano, tayari ni karani."

Ilikuwa Machi, ile miezi yao mizuri kabla jua halijawa moto. Upepo ulikuwa baridi kiasi cha kutaka leso begani. Nyasi za kando ya maji zilijaa watu na mikeka yao, thamosi, watoto na tiara, chai ya karaki yenye iliki kwenye vikombe vya karatasi. Hudihudi mmoja alikuwa akidonoa majani karibu na miguu yetu bila kumwogopa mtu. Joram alitandika mikeka miwili, wao mmoja na mimi mmoja, hatua tano kando. Nilikaa, nikasimama, nikakaa. Nyumbani mvua ilikuwa imeanza na majirani walikuwa wanapanda mahindi. Shamba langu nani analitazama? Nikachukua mfuko wa dukani nikaenda kutembea.

Maua yamepandwa kando ya barabara kwa mistari, meupe na ya zambarau, kama tarumbeta ndogo. Katikati ya yale ya zambarau nikaona jani lenye vidole vitano. Nikainama. Shina lenye vinyweleo vya kunata, ua jeupe lenye masharubu marefu. Nikaponda jani, nikanusa. Nikapiga magoti palepale.

Mfuko ulikuwa umejaa nilipoona viatu vyeusi mbele yangu. Mlinzi alianza kwa Kiingereza, akaona leso yangu, akaingia Kiswahili. Kifuani paliandikwa Athanas.

"Shosho, unafanya nini?"

"Navuna."

"Unavuna maua ya serikali?"

"Maua nimeyaacha, hesabu mwenyewe. Hii ni mboga. Nina mzazi hana maziwa. Wewe wa wapi usiijue?"

"Mimi Mtaita, naijua." Akachuchumaa, akanionyesha mpira mweusi wa maji uliopita kwenye udongo na kibao kidogo chenye picha ya bilauri iliyokatwa mstari. "Unaona hiyo? Haya maji yametoka vyooni. Yanasafishwa yanafaa maua. Tumbo la mzazi, hapana."

Niliitazama ile mboga mbichi. Nilitazama mkeka, Kerubo amemweka Rael kwenye titi na mtoto anageuza shingo. Nikaumimina mfuko wote chini, mpaka jani la mwisho. Athanas alikuwa anaondoka nilipoona mimea miwili iliyokomaa, maganda yake ya mbegu yamekauka.

"Na mbegu? Mbegu nayo imekunywa choo?"

Alifikiri. "Hiyo sikufundishwa," akasema, akageuka kuangalia bahari muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji.

Yale maziwa ya unga niliyahamishia kwenye chupa ya kioo. Kopo Joram alilitoboa kwa msumari, baada ya Rael kumwomba. Nikapanda humo zile mbegu nilizochuma, nikamwagia maji ya kunywa ya dukani, maana sikuamini mfereji tena. Siku ya sita zikachungulia. Niliziendea kila saa kama anayesubiri mgeni. Siku ya kumi na moja zilikuwa na urefu wa kidole gumba, na sanduku langu lilikuwa mlangoni.

Asubuhi hiyo Kerubo alikuja roshani na mtoto begani. Akachuma kijani kimoja, akatafuna. Uso ukamkunjamana.

"Uchungu wenyewe ndio huu," akasema. Akachuma cha pili. Akachuma cha tatu.

Nikampiga mkono. "Utamaliza shamba."

"Nina njaa, mama." Hakuwa amelisema neno hilo tangu nifike.

Joram alisimama mlangoni, ameelekeza uso ukutani. "Rael, mwambie bibi yako asiondoke kesho. Viza nimeiongeza mwezi mmoja."

Nikaliona shamba langu, magugu yamefika magotini.

"Rael," nikasema, "mwambie baba yako alipaswa kuniuliza kwanza."

Kerubo alikuwa anatazama kopo.

"Mwambie pia aniletee makopo mengine matatu, matupu."

Nikaenda kwenye sanduku nikatoa viatu. Nguo niliziacha zimekunjwa. Kisha nikarudi roshani kuona kama mboga zimeongezeka.