Chumba cha Kompyuta

Kompyuta mpya ya Mwenyekiti ilipandishwa ngazi na wanaume wawili, ndani ya boksi lililofungwa kamba, naye akitangulia mbele kama anayeongoza bibi harusi. "Pisha, pisha, mali ya jengo hii!" Mali ya jengo, lakini ilikwenda moja kwa moja sebuleni kwake.

Hapo hapo nikajua kuna mtu atatolewa. Si uchawi, ni kumbukumbu. Jengo letu lilipoletewa lifti, bawabu mzee alinyang'anywa kibanda chake chini ya ngazi ili mitambo ipate pa kukaa. Lifti ilipanda na kushuka msimu mmoja wa mvua, ikagoma, na bawabu hakurudishiwa kibanda. Ilipokuja antena, akina mama walifukuzwa juu ya paa na kamba zao za kuanikia nguo. Antena ilianguka, mlango wa paa una kufuli mpaka leo. Jenereta ilitengewa chumba cha yule dada mpiga chapa. Dada akahama analia; jenereta bado iko njiani. Watu wa jengo hili wana roho nzuri na usahaulifu mwingi, na Mwenyekiti anakalia huo usahaulifu. Kiti ni cha kuonyesha tu.

Safari hii zamu ilikuwa ya Mama Cherehani. Chumba chake kiko chini, kinatazama uani, na humo humo analala, humo humo anashona: cherehani ya kukanyaga chini ya dirisha, kitanda nyuma ya pazia, sare za shule zimetundikwa ukutani kama darasa lisilo na vichwa. Nusu ya suruali za jengo hili zimepita mikononi mwake zikipunguzwa au kuongezwa kiuno. Akitolewa pale hana pa kulala wala pa kushonea, na wateja hawatamfuata mjini na mafurushi.

Tangazo lilisema mkutano mkuu wa Jumamosi "utajadili kwa uwazi chumba kitakachofaa kompyuta ya jengo." Kwa uwazi! Mwenyekiti alishaonekana anapima mlango wa Mama Cherehani kwa futi huku akimuuliza hali ya miguu yake.

"Mwenyekiti, mimi nitakwenda wapi?" mama wa watu alimuuliza.

"Mama, mbona una haraka? Hakuna lililoamuliwa. Chumba chochote kinaweza kupendekezwa. Hata changu."

"Chako?"

"Kwa mfano."

Kesho yake akamwita sebuleni. Mama Cherehani akapanda ngazi akidhani ameitwa kusikilizwa. Kumbe ameitwa kuipima kompyuta! Mwenyekiti alitaka ishonewe gauni la kuikinga na vumbi, la kitambaa kizito, lenye marinda chini. Ndiyo, marinda. Mwanamke aliyekuwa anatolewa kwa ajili ya mashine alitakiwa kwanza aivishe mashine yenyewe. Akaikubali kazi, maana kazi ni kazi, na ndiyo sababu alikuwepo mle ndani mambo yalipofanyika. Haya ninayowaeleza nimeyasikia kwake, na Mama Cherehani hatii chumvi hata kwenye mboga.

Mezani kulikuwa na kompyuta mbili. Ya zamani, ya rangi ya meno ya mvuta sigara, iliwekwa kando ya mpya kama mke mkubwa aliyeitwa kumpokea mdogo. Katikati ya waya alikaa Shemeji, kaka wa mke wa Mwenyekiti, jitu zima lenye tumbo na rundo la funguo kiunoni, ambaye ndiye aliyeiuza kompyuta mpya na ndiye aliyepewa kazi ya kuhamisha barua pepe na majina kutoka ile ya zamani.

"Shemeji," akasema huku anatafuna karanga, "barua ni nyingi hizi. Hili folda uliloliita 'Nitasoma' peke yake litatuweka hapa mpaka jua lizame. Na hujafungua hata moja."

"Hamisha."

"Nyingine ni za bomba lililopasuka. Walioandika wenyewe walishahama."

"Hamisha, bwana! Unataka waseme natupa barua za wananchi?"

Basi malalamiko yetu yote yakahamishwa kwa heshima kubwa, bila kufunguliwa, kutoka mashine isiyoyasoma kwenda mashine isiyotaka kuyasoma.

Likaja suala la majina. Shemeji akavuta kiti karibu na skrini, akaacha kutafuna.

"Hee. Shemeji, haya majina umeyaandika kwa… kwa mtindo wako. Nihamishe hivi hivi?"

"Kama yalivyo! Usiguse hata nukta. Orodha hiyo nimeiandika kwa mikono yangu miaka yote hii, ndiyo uongozi wangu huo. Ukinivurugia sitamjua mtu."

"Umeyapitia lakini?"

"Niyapitie nini, na mimi ndiye niliyeyaandika?"

Shemeji akapandisha mabega. Alikuwa analipwa kuhamisha, hakulipwa kusoma. Akabofya, na kimstari cha kijani kikaanza kutambaa kwenye skrini. Mwenyekiti akakitazama mikono nyuma, kifua mbele, kama anakagua gwaride.

Kilipofika mwisho akapata wazo, na mawazo yake ndiyo yanayotuumizaga. Mwaliko wa mkutano alishautunga, lakini sasa alitaka utoke kwenye mashine mpya na kila mtu aitwe kwa jina lake. "Si 'Ndugu mwanachama,' 'Ndugu mwanachama,' kama tangazo la msiba. Wakubwa hawaandiki hivyo. Mtu akiona jina lake anajisikia kutambuliwa."

"Hilo dogo," Shemeji akasema. "Mashine inachukua jina kwenye orodha, inalipachika juu ya barua. Ila jina litakuwa lile ulilomwandikia wewe."

"Si ndiyo hilo hilo? Tuma."

Mama Cherehani alikuwa amepiga magoti na futi, pini mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni husikiliza vizuri sana.

Simu zikaanza kulia jengo zima, ngazi hadi ngazi. Ya kwangu ilisema hivi: "Mpendwa Kelele Ghorofa ya Tatu, kwa kutambua mchango wako mkubwa, nakualika kwenye mkutano mkuu…" Sikushangaa. Nimeitwa mabaya zaidi na watu wazuri zaidi. Lakini nikasikia mlango wa jirani unafunguliwa kwa kishindo, na jirani, mwanamke mpole anayefuga mbwa mmoja mdogo kuliko paka, akatokea na simu yake ameishika kwa ncha za vidole.

"Hebu nisomee hapa, macho yangu yananidanganya."

"Mpendwa Yule wa Mbwa," nikasoma.

"Na mume wangu je? Soma."

"Mpendwa Mume wa Yule wa Mbwa."

Mume akatoa kichwa mlangoni. "Mimi hata jina la kukodi sikupewa!"

Likaanza soko. Watu wakashuka ngazi, wakapanda, wanaonyeshana simu. Mwalimu mstaafu, muuza dawa, muuguzi na dereva wa lori ndio wajumbe wetu, mmoja kwa kila ngazi. Jambo lolote la jengo hupita kwa mikono yao minne, na mikono hiyo haijawahi kukataa kitu tangu nimjue Mwenyekiti. Mwalimu aliandikiwa "Mpendwa Mkono wa Kwanza." Muuza dawa, "Mkono Baada ya Soda." Muuguzi, "Mkono, Abembelezwe Mapema." Dereva, "Mkono Akiamshwa." Kulikuwa na Usipokee, na Usipokee Kabisa, na mkewe Usipokee Kabisa, Anapiga kwa Simu Nyingine. Shemeji mwenyewe, ambaye alikuwa bado ngazini na karanga zake, alisimama ghafla akasoma simu yake mara mbili. "Mpendwa Shemeji Mwizi."

Nikashuka kwa Mama Cherehani. Nilimkuta amekaa kwenye kiti chake cha cherehani, kitambaa cha marinda mapajani, simu juu yake. Hakulia. Alinigeuzia skrini tu.

"Mpendwa Chumba cha Kompyuta."

Sasa mtauliza, huyu Mwenyekiti hakuona? Aliona. Naye alijitumia barua, ili ajue zinafikaje. Ila kwenye orodha yake alijiandika "Mheshimiwa." Ikamfikia: "Mpendwa Mheshimiwa, kwa kutambua mchango wako mkubwa." Mkewe alituambia aliisoma kwa sauti mezani, akaisoma tena, akalala usingizi wa mtoto.

Jumamosi uani viti vilijaa mapema, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mwenyekiti akashuka na suti, meno yote nje. Akawakuta watu wanaamkiana.

"Usipokee, hujambo?"

"Sijambo, Yule wa Mbwa. Habari za Mume wa Yule wa Mbwa?"

"Huyu hapa, anatafuta jina."

Mwenyekiti akacheka pamoja nao, akidhani ni furaha ya kualikwa. Akampa muuza dawa soda yake, akamgusa dereva begani kumwamsha, akamkuta macho makavu. Hapo ndipo tabasamu lilipopungua kidogo.

"Ndugu zangu, ajenda ni moja. Kamati haina chumba mfukoni, imekuja mikono mitupu, kusikiliza. Ila kwa kuangalia unyevu, waya na usalama, inaonekana kile cha chini kinachotazama uani…"

"Naomba kuuliza," Mama Cherehani akasema, akasimama. Alikuwa amelitundika begani lile gauni la kompyuta, limekamilika, marinda na yote.

"Mama, maswali mwishoni."

"Mwishoni nitakuwa nje. Mwenyekiti, jina langu kwenye barua yako ni Chumba cha Kompyuta. Majina hayo yalitoka kwenye ile kompyuta kuukuu. Sasa nieleze. Kama leo ndiyo chumba kinatafutwa, mimi nilianza lini kuwa chumba? Maana nimekuwa chumba kabla hata mkutano haujakaa."

Mwenyekiti akatoa leso.

"Hilo… hilo ni kosa la mashine. Mashine mpya hizi, zikihamishwa huchanganya."

"Mashine gani ichanganye?" Ilikuwa sauti ya nyuma, na ilikuwa ya Shemeji. Alisimama na funguo zake zikilia. "Nilikuuliza, nihamishe hivi hivi? Ukasema kama yalivyo. Nikakuuliza umeyapitia? Ukanifokea. Sikugusa hata nukta. Na mwizi, Shemeji, ni nani? Nani aliyeniambia nipandishe bei ili zipatikane pia pesa za kiyoyozi cha sebuleni kwako?"

"Kaa chini wewe!"

"Sikai."

"Na mimi nilikuwepo," Mama Cherehani akasema kwa upole. "Nilikuwa chini ya meza, naipima."

Watu wakaangua kicheko, kile cha hasira. Mwenyekiti, jasho jembamba likimtiririka, akafanya alichokuwa akifanya siku zote anapobanwa. Akaomba mikono.

"Wajumbe. Wanaounga mkono chumba cha chini, wainue."

Mwalimu mstaafu, Mkono wa Kwanza, alikalia mikono yake yote miwili, kama mtoto aliyekatazwa kuchezea chakula. Muuguzi alikunja yake kifuani na kutazama mawingu. Muuza dawa alikuwa na soda. Akainywa taratibu, mpaka chini, akaifyonza mpaka mrija ukakoroma, akaweka chupa chini ya kiti. Hakuinua kitu.

"Bwana dereva?" Mwenyekiti akaita.

"Niko macho," dereva wa lori akasema.

Basi. Chumba kilibaki na mwenyewe. Msije mkadhani Mwenyekiti alianguka. Jengo letu si la kuangusha mtu kwa siku moja, na wiki iliyofuata tayari kuna waliosema jamani binadamu hukosea, na antena nayo mbona tunaikumbuka bure. Kompyuta ilibaki sebuleni kwake bila gauni. Gauni Mama Cherehani alilifumua, akatoa humo mikoba miwili ya shule.

Ila Shemeji alikataa katakata kusafisha orodha. Ikabidi Mheshimiwa apite mlango kwa mlango na simu yake kuuliza majina. Kwa Mama Cherehani alifika jioni, wakati mimi nimekaa pale nasubiri suruali yangu ipunguzwe. Akapiga hodi. Mlango ule aliupima, leo anaupigia hodi.

"Mama, samahani. Nataka nikuandike vizuri."

"Niandike."

"Kwa jina lako."

"Ndiyo. Kwa jina langu."

Akasubiri. Mama Cherehani akaendelea kukanyaga. Mwenyekiti akanitazama, nimsaidie kimyakimya. Miaka yote ile, ada zote zile, na mtu hajui. Nikatazama suruali yangu.

"Samahani, mama," akasema hatimaye. "Unaitwa nani?"

Mama Cherehani alimwacha asimame mpaka pindo lilipoisha. Akakata uzi kwa meno. Kisha akamtajia majina yake matatu, moja moja, la kwake, la baba yake na la babu yake, akimrudisha nyuma kila alipokosea herufi. Mwenyekiti akaandika kwa kidole kimoja. Mimi nikainuka nikasimama nyuma ya bega lake, nikasoma skrini.

Alipomaliza jina la tatu, kidole kikabaki juu ya herufi. Kilitaka kuongeza kitu, kwa ule mtindo wake.

Nikakohoa.

Akahifadhi.