Chaki Inakauka

...na chaki ilikuwa imelowa, hilo halikuwa na ubishi, imelowa kuanzia ncha ya tepu mpaka mita ya tatu, weupe umegeuka kijivu, na yeye amechuchumaa kwenye mdomo wa kisima na tepu mkononi kama mtu aliyeokota barua isiyo yake, jua linamchoma shingo, na nyuma yake mume wake ameshika kalamu, anauliza, ngapi, mama watoto, umepata ngapi?, naye akajibu ngoja, neno moja tu, ngoja, ingawa hesabu yenyewe haikuwa ya kungoja, ameshusha mita arobaini, tatu zimelowa, arobaini toa tatu, maji yako mita thelathini na saba chini ya magoti yake, na yakiwa karibu kuliko hamsini wanahamia huku, ndivyo walivyokubaliana, au tuseme ndivyo mumewe, Mwalimu, alivyosema na yeye hakubisha, kwa sababu miaka ishirini na mbili ya kupima visima vya watu ilimwambia kwamba jangwa hili halina maji ya karibu, uhakika huo alikuwa ameutia kibindoni tangu nyumbani, ndiyo maana alikubali kila kitu kwa upole wa kutia shaka, sawa Mwalimu, twende tukaone, akapaka chaki kwenye tepu akijua itapanda kavu, na sasa tazama... tazama ilivyolowa, maji matamu pengine, maji ya kulima mboga, ya kuoga bila kuhesabu vikombe, aibu iliyoje kwa mpima visima kuona maji na kuchukia.

Ngoja gani hiyo, alisema mumewe, lakini kwa furaha, alishahisi kitu, na dalali wa viwanja aliyekaa kwenye kivuli cha gari, kiatu kimoja mkononi akikikung'uta mchanga, akadakia, shemeji anahakikisha, Mwalimu, mwache, mtu wa kazi yake huyo, na kwa taarifa yenu hapa mafuriko mtayasikia redioni tu, na redio yenyewe haishiki!, akacheka peke yake, akaongeza kwamba jirani wa karibu yuko kilomita kumi na tisa, hakuna wa kuja kukuombeni chumvi, na asubuhi ile ile, aliposema hivyo mara ya kwanza, Mwalimu aliandika, yeye mwenyewe alimwona akiandika kwenye karatasi aliyoipiga mistari kwa rula, kila kitu alama zake kati ya kumi, jua tisa, udongo sita, tetemeko tisa, mafuriko kumi, na pale penye umbali na watu akaandika kumi kwa kumi, akaizungushia duara kama anavyomzungushia mwanafunzi aliyepata yote, miaka yote hiyo ya kufundisha jiografia na duara lile lile, na wilaya mbili za kwanza walizokagua zilianguka, moja kwa upepo, moja kwa udongo wa chumvi, mara zote mbili alirudi kwenye gari akimpa pole mumewe huku moyoni anapiga vigelegele, unafiki mtupu, sasa imebaki hii, imebaki namba moja tu, ya kina cha maji, na chaki inakauka, aliiona inakauka, kwa jua hili haimalizi dakika tatu, kijivu kinarudi kuwa cheupe kutoka pembeni...

...kumi kwa kumi, umbali na watu, na yule jirani yao kule nyumbani, wa nyuma ya ukuta, fundi cherehani wanayemwita Mama Kelele, angepata ngapi kwenye karatasi hiyo, sifuri, yuko karibu mno, cherehani yake inaingia mpaka chumbani, na walikuwa hawasemeshani miezi mitano kwa ajili ya kuku aliyekula mchicha, kuku mmoja!, mpaka alfajiri ile ya mafuriko, miaka mitatu iliyopita, maji yalipoingia mtaani ndipo Mama Kelele alipoanza kupiga sufuria kwa mwiko, tokeni nyie, tokeni, mnalala mnangoja nini, na mtoto wao wa miaka minne akapitishwa juu ya ukuta, mikono ya Mama Kelele ikampokea bila kutaja kuku, akalazwa juu ya majora ya kitambaa kule ghorofani kwake, na ajabu ni kwamba Mwalimu alikuwepo, aliyaona haya, ila yeye alikuwa juu ya paa anapiga ile namba ya dharura, mara arobaini na moja, hakuna aliyepokea, na hicho ndicho alichotoka nacho, kwamba hakuna aliyekuja, mafuriko yale yale, nyumba ile ile, mmoja alisikia sufuria na mwingine alisikia simu inaita bila jibu... na tangu hapo mvua ikianza tu Mwalimu anaamka, anavaa viatu, anafunga kamba, anakaa ukingoni mwa kitanda mpaka iishe, na utamwambiaje hapana mtu anayekaa kitandani na viatu, hakuweza, miaka mitatu hakuweza, akaona bora upepo umwambie, udongo umwambie, kisima kimwambie, alikitaka kisima kiwe mdomo wake, na kisima kimekataa.

Hamsini na mbili, angeweza kusema, hamsini na mbili Mwalimu, pole, na angeaminiwa papo hapo, hajawahi kumhakiki namba hata siku moja, angekunja karatasi na wiki ijayo ingekuwa wilaya ya nne, halafu ya tano, na kila penye kisima yeye atachuchumaa na kudanganya, na mvua ikinyesha viatu vitakuwa pale pale, hata huku jangwani vitakuwa pale pale, atavivaa kwa ajili ya nini huku, kwa ajili ya upepo, na nani atapiga sufuria... hapana, yeye mke hahami, hilo analijua sasa kama anavyoijua thelathini na saba, hahami, na si kwa sababu ya maji, na anampenda huyu mtu, anampenda na viatu vyake, hayo mawili yote alikuwa hajawahi kuyasema kwa mdomo.

Ngapi?, aliuliza tena mumewe, kalamu bado hewani, na dalali bado anakung'uta kiatu kile kile. Chaki ilikuwa imekauka yote, nyeupe kama haijawahi kugusa maji. Akainuka, magoti yakalia.

“Thelathini na saba,” alisema. “Lakini usiandike kwanza, Mwalimu. Njoo tukae pale kivulini, uvue viatu.”