Ilani kwenye Mlango wa Mbele

Tressie Amburgey aliipigilia ile karatasi msumari akiwa juu ya ngazi ya kuchumia tufaha, mguu mmoja hewani, kwa sababu mlango wa mbele wa trela, nyumba ya bati ya kuvutwa na lori, haukuwa na vidato. Haukuwahi kuwa navyo. Ulielekea kijitoni, na mtu akiufungua kwa pupa angeishia kwenye miiba. Lakini karani wa wilaya, binti mpole mwenye kucha ndefu, alikuwa amemwambia mara mbili: "Mlango wa mbele, Bi Tressie. Sheria inataka mlango wa mbele. Siku thelathini. Mwenye trela asipojitokeza, unaiondoa."

"Na nikiibandika pengine?"

"Tunaanza upya."

Muda wa kuanza upya hakuwa nao.

Milima ya huko Kentucky imebanana, na kati ya mlima na mlima kuna nafasi ya kijito, barabara na ugomvi. Nyumba zimeng'ang'ania miteremko kama mbuzi. Mwenye kipande cha tambarare hajisifu, ila watu wote wanajua kuwa anacho. Tressie alikuwa nacho kimoja tu, chini ya nyumba yake, na hapo ndipo trela ya Dewey Gayheart ilipokaa miaka sita.

Dewey alikuwa kijana wa jirani. Mafuriko yalipoibeba nyumba ya baba yake alikuja na mkewe Ramona, kofia mkononi, kuomba pa kuiegesha trela waliyopewa na watu. "Iweke hapo chini mpaka mjipange," Tressie akamwambia. "Mwaka mmoja, Shangazi," Dewey akasema. Hawakuandikiana. Kule neno la mlangoni ndiyo hati. Dewey akayang'oa magurudumu, kisha akaukata ulimi, kile chuma cha mbele kinachofungwa kwenye lori la kuvuta, kwa sababu Ramona alisema amechoka na nyumba zinazoondoka. Mwaka wa tatu saratani ikamchukua Ramona. Wiki moja baada ya mazishi Dewey alifunga mlango akaenda Indiana kufanya kazi kiwandani, na tangu hapo hapakuwa na barua wala simu. Majani yakapanda hadi madirishani.

Tressie angeiacha ioze kwa amani, lakini kisukari kilimpata mdogo wake Orbin mguuni, na madaktari wakaukata chini ya goti. Baada ya wiki tano hivi angetolewa hospitali. Nyumba ya Tressie ilikuwa juu, vidato thelathini na kimoja vya mawe. Wanaume wa kanisani walikwisha kuahidi kumjengea Orbin chumba na jiko pale tambarare, kiti chake cha magurudumu kipite bila shida. Wakikosa uwanja, kilichobaki ni nyumba ya wazee ya mjini. Mama yao aliingia humo akitembea, akatoka amebebwa.

"Wanawapa chakula cha usiku saa kumi, dada," Orbin alimwambia kwa simu. "Kama kuku wanaofungiwa mapema."

"Huendi huko."

"Mimi nasema tu. Nishaanza kuota manyoya."

Virgil Sizemore, mwenye katapila, alikuja kuitazama trela. Akaizunguka, akaipiga teke, akachungulia mbele. "Hii haivutiki. Haina ulimi."

"Hata mwenyewe hakuwa nao," Tressie akasema. "Miaka mitatu hajasema neno."

"Basi naisagasaga hapahapa. Asubuhi moja tu."

"Na vitu vya ndani?"

"Siku thelathini zikipita ni takataka, Bi Tressie. Mimi na wewe hatuna kosa."

Siku thelathini zikapita. Barua aliyoituma Indiana ilirudi na muhuri wa kwamba mtu huyo hajulikani. Virgil akapangiwa Jumanne asubuhi. Jumatatu mchana Tressie alichukua kikapu akateremka, aokoe angalau Biblia na picha za Ramona. Mtu mstaarabu haachi picha ya marehemu ikasagwa.

Alipita mlango wa uani, kama alivyopita siku zote. Vidato vitatu vya mwaloni, ufunguo kwenye msumari chini ya paa. Alijiandaa kwa panya, kuvu na harufu ya unyevu. Alipofungua, alisimama.

Sakafu ilikuwa imefagiwa. Karibu na sinki kikombe kimoja kilikuwa kimefunikwa juu ya kitambaa, na kitambaa kilikuwa bado kibichi. Kalenda ukutani ilionyesha Septemba, mwezi uleule. Koti la Ramona lilining'inia mahali pake, halina hata vumbi. Dirishani kulikuwa na chupa ya maua ya manjano yale yanayoota kando ya kijito, na hayajanyauka.

Tressie akakaa kitini. Jana ilikuwa Jumapili. Jumapili alikuwa kanisani tangu asubuhi hadi alasiri, na bonde zima linajua hivyo. Mtu anayetaka kuja bila kuonekana naye, siku yake ni hiyo.

Akainuka akaenda hadi mlango wa mbele. Kochi lilikuwa limeuziba, na kitasa kimeshika kutu. Karatasi ya serikali, yenye jina la Dewey kwa herufi kubwa, ilikuwa upande wa pili wa bati. Kwa siku thelathini walioisoma ni nyigu.

"Mjinga wewe," akaliambia lile koti, ingawa aliyekusudiwa ni Dewey. Halafu hasira ikageuka kumtazama yeye mwenyewe. Mara ngapi alileta supu kwa mlango wa uani Ramona alipokuwa hajiwezi? Kila siku, majira mazima ya baridi. Alipopanda ile ngazi na nyundo mkononi alijua kabisa kuwa upande ule hapiti mtu. Alijua, akafurahi kwamba sheria haikumuuliza.

Jioni akampigia simu Virgil.

"Kesho usije."

"Sheria iko upande wako, Bi Tressie."

"Ipo, ndiyo. Imekaa upande wa kijitoni, na watu wanapita uani."

Virgil hakuelewa, ila alisema nafasi nyingine itapatikana baada ya siku kumi. Simu ya pili ilikuwa nzito zaidi. Orbin alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo naenda kula na kuku."

"Unakuja kwangu."

"Vidato thelathini na kimoja, dada. Mguu ninao mmoja."

"Utabebwa."

"Na nani?"

"Na Wabaptisti."

Orbin akafikiri. "Wakiniangusha, nakufa Mmethodisti."

Wanaume wanne wa kanisani walimpandisha Ijumaa, amefungwa kamba kwenye kiti cha jikoni, mvua ya manyunyu ikiwadondokea. "Nimeona majeneza yakipandishwa kwa adabu kuliko hivi," aliwaambia walipofika katikati. Wakamweka barazani. Tressie aliona jinsi mdogo wake alivyoendelea kukishikilia kiti hata kilipokwisha kutua, na akajua mzaha wote ule ulikuwa wa kuficha hofu. Usiku ule Orbin hakuweza kufika chooni peke yake, na dada yake alipomaliza kumsaidia hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Tressie alikusudia kumngoja Dewey amwombe uwanja, na kama angesema hapana, maisha ya Orbin yangekuwa hayo, au nyumba ya wazee.

Jumapili Tressie hakwenda kanisani. Alikaa kwenye vidato vya uani vya trela, na chungu cha maharage na mkate wa mahindi uliofunikwa kwa taulo. Dewey alikuja kwa miguu akifuata kijito, gari ameliacha mbali barabarani, maua mkononi. Alipomwona akasimama, akavua kofia.

"Shangazi."

"Dewey. Umekonda."

"Chakula cha Indiana hakina chumvi."

"Basi kaa ule."

Akakaa, akala sahani mbili. Tressie akamwacha ashibe.

"Miaka mitatu unapita chini ya dirisha langu kama mwizi wa mayai."

"Nilikuahidi mwaka mmoja. Ulipopita nikaona aibu. Wa pili ulipopita, aibu ikawa kubwa kuliko mimi."

"Na humu ndani unafanya nini?"

"Nakunywa kahawa. Nafagia. Nakaa naye kidogo, halafu narudi kazini."

Tressie akainuka, akamwongoza kuzunguka trela, miiba ikiwashika nguo, mpaka wakaiona karatasi. Dewey aliisoma kichwa kimeinuliwa, midomo ikicheza.

"Nani kabandika huku?"

"Mimi."

"Shangazi, huku hapiti mtu."

"Nilijua, Dewey."

Akamgeukia. Tressie hakukwepesha macho, ingawa alitamani. Kisha akamwonyesha baraza ya juu, mtu aliyekaa amefunikwa blanketi hadi kiunoni. "Yule ni Orbin, mdogo wangu. Wamemkata mguu. Hapa ndipo mahali pekee ninapoweza kumjengea. Nilikwisha kumwita mwenye katapila aisage trela; nilipaswa kukuomba kwanza. Sasa nakuomba."

Dewey akavaa kofia. Alirudi uani, akaingia, akafunga mlango. Tressie alisikia hatua zake zikienda chumbani, zikirudi jikoni, zikienda tena. Maharage yalipoa yakaganda. 

Dewey alipotoka macho yalikuwa mekundu. "Katapila lisije," akasema.

Tressie akaokota chungu chake aondoke.

"Nitaivunja mwenyewe, kwa mkono. Sitaki ivunjwe na kitu kisichomjua. Nina wiki ya likizo sijawahi kuichukua."

Alianza Jumatatu kwa chumba walicholala, asubuhi na mapema, kama mtu anayemeza dawa chungu kwanza. Bati upande huu, mbao upande ule. Orbin alikuwa seremala miaka thelathini. Kufikia Jumanne alishindwa kujizuia, akapaza sauti kutoka barazani.

"Wewe, hiyo mbao unaitupia nini?"

"Imeoza."

"Imeoza upande mmoja. Igeuze."

Dewey akaigeuza. Akaiweka kando.

Jumatano Orbin akataka kuteremshwa. "Wabaptisti wako kazini," Tressie akamwambia.

"Huyo hapo chini ana mgongo."

Dewey alipanda vidato vyote thelathini na kimoja, akasimama mbele yake akihema. "Una kilo ngapi, Mjomba?"

"Toa mguu mmoja."

Akambeba mgongoni, akateremka taratibu, akimtajia kila jiwe lililolegea. Jiko lilikuwa bado limesimama, halina paa, jua likipiga sinki. Dewey akamkalisha Orbin kwenye kiti cha Ramona, akampa nyundo na ndoo ya mbao zenye misumari. Wakafanya kazi. Tressie alipoleta kahawa, Orbin alikuwa akilitazama lile koti, ambalo lilikuwa bado ukutani.

"Sikupata kumjua mkeo," akasema. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Dewey alikuwa na patasi mkononi. Ilikuwa wazi kwamba huko Indiana, kwa miaka mitatu, hakuna aliyemuuliza.

"Alikuwa anaunguza mkate," akasema. "Kila mara. Anauweka, anaanza kuimba, anausahau."

"Na wewe unakula?"

"Nakula. Nasema mtamu. Ananiambia mimi mwongo, halafu ananikatia kipande kingine."

Akaweka patasi chini, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaendelea. Kulikuwa na mambo mengi. Tressie akamimina kahawa, akajikunyata mlangoni kusikiliza, na siku ile hapakung'olewa msumari mwingine hata mmoja.